Kipanga Aliyekwenda Kwa Mbanda

Baba Zaina,

Mungu akupe amani huko ulikolala. Mimi huku sina, na sababu unaijua: mbanda wangu, huyo mke wako mdogo.

Tuko ndani ya eda sisi wawili, nguo nyeupe, ua mmoja. Majirani wanakwenda salongo kufagia barabara kwa amri ya chama, sisi tunabaki kuangaliana. Nimemvumilia. Abacost yako ya buluu, lile koti la sherehe, ameichukua yeye, nikamwachia. Lakini ndege, Baba Zaina? Hata ndege?

Mvua ya kwanza ilipokatika, kumbikumbi walitoka. Juu ya mti mkavu nyuma ya jiko lake nikaona kipanga mdogo wa rangi ya jivu, miguu myekundu kama mawese. Nilimjua palepale. Ni yule uliyenionyesha mwaka uliponioa, tukingoja pirogi ituvushe kutoka ng'ambo ya mto Lualaba. Ulinishika kidevu, ukainua uso wangu. "Angalia, mama. Ule ni mugeni. Ametoka mbali sana, upepo njo ulimupoteza." Hatukumwona tena, lakini kila mvua ulikuwa unaangalia juu, halafu unaniangalia mimi. Yule ndege alikuwa wetu. Mbanda wakati ule alikuwa bado ananyonya kwao Lokandu!

Sasa yeye anakaa mlangoni mwa jiko lake, anamlilia ndege huyo. Wanawake wakija kutupa pole anawaambia, "Njo yeye, bwana yangu. Alikuja kuniaga." Nao wananiangalia kwa huruma, kana kwamba mimi sikuagwa. Niliona wivu, nakuambia wazi.

Nikajaribu kumvuta ndege upande wangu. Nikamwaga maji, nikagonga ardhi kwa mchi, vile tunavyowadanganya kumbikumbi wadhani ni mvua. Wakatoka siafu. Wakanipanda miguuni, nikarukaruka na nguo zangu za eda, na shangazi yako akauliza tangu lini mjane anacheza ngoma. Mbanda alijifunika mdomo kwa kanga. Alikuwa anacheka.

Nilipokuwa nikijitoa siafu, njo nikaelewa. Upande wangu hakuna kichuguu. Kilichokuwepo kilikuwa changu, ukakimega ukampa mbanda pamoja na kiwanja cha jiko lake alipozaa Amisi, ati kumbikumbi wataongeza maziwa. Nikamwangalia ndege vizuri: anashuka, anadaka kumbikumbi kwa miguu, anakula hukohuko hewani. Hakuja kumuaga mtu. Alikuwa na njaa.

Nilivuka ua kwenda kumwambia mbanda. Habari hiyo nilikuwa nayo tayari ulimini, na ilikuwa tamu kweli. Nikamkuta amempakata Amisi, anamwonyesha mti. "Baba yako, ule. Mupungie mukono." Na mtoto, ambaye sura yako hataikumbuka, akapunga. Nikauliza kama chumvi iko. Akanipa chumvi.

Kipanga ameondoka. Leo kumbikumbi wametoka tena na mti uko mtupu. Mbanda amelia, na mimi nimelia kwa siri upande wangu.

Basi pumzika, mume wangu. Nakuahidi sitamwambia habari ya kichuguu. Amisi akikua akiniuliza mimi mama yake mkubwa, nitamwambia ndiyo, baba yako alikuja, nilimwona kwa macho yangu. Hiyo nampa. Lakini siku nikifika huko, nishike kidevu mimi kwanza, kabla ya mbanda.

Mke wako wa kwanza,
Mama Zaina