Picha za Nguo za Jumapili

Kwa Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye majani chai. Goti lako linaendeleaje, na je, mvua ya mawe imewaachia mahindi yoyote? Mimi ni mzima wa kutembea. Mjukuu wako Onsongo alikuwa anaharisha tena, lakini tangu juzi anakunywa uji, kwa hiyo usishtuke.

Mama, nimeingia kwenye matata, na niliingia kwa miguu yangu mwenyewe. Sista anayetibu kwenye zahanati ya hapa shambani alitukusanya sisi vijana wa kanisa, akatupatia kamera. Alitaka tupige picha za vitu vinavyotuletea magonjwa huku laini, kwenye hizi nyumba tulizopewa wafanyakazi: choo kilichojaa, mtaro wa maji machafu unaopita milangoni. Alisema meneja akijionea kwa macho atatuma mafundi. Nilifurahi sana, maana anayeugua kila mara ni mwanangu.

Lakini unajua watu na kamera. Habari ilipoenea, laini nzima ilifagiliwa. Wanawake walitoa nguo za Jumapili, wakapaka watoto mafuta, wakajipanga mbele ya choo kama wako arusini. Nilimwomba jirani yangu, Mama Chepkoech, asogee kidogo ili mtaro uonekane. Alikataa kabisa.

"Picha ni ya kukaa vizuri," akaniambia. "Wewe unataka watu waone sisi ni watu ya uchafu?"

Picha zilipotoka kuoshwa mjini Litein zilikuwa nzuri ajabu. Mtaro ulifichwa na magauni.

Kabla filamu haijaisha, kwa hasira, nilikuwa nimepiga kwangu pia. Onsongo alikuwa amechuchumaa kando ya mtaro, uchi, nzi usoni, akilia. Sikumvalisha wala sikumpangusa. Nilitaka ukweli uonekane walau mahali pamoja.

Sista alimpelekea meneja zote. Tuliitwa ofisini, meneja akazitandaza mezani, akasifu majirani zangu kwa usafi. Kisha akashika yangu.

"Kumbe shida ni nyumba moja tu," akasema.

Sista alijaribu kueleza, akaambiwa arudi kwa wagonjwa wake. Nyapara naye ameniambia nikipatikana tena na uchafu nirudishe ufunguo, na hapa ukirudisha ufunguo kazi nayo imekwisha.

Nimebanwa, Mama. Nikisema picha zile ni za uongo, nimewaita majirani waongo, na ndio wanaonishikia mtoto nikienda kuchuma. Nikinyamaza, mchafu ni mimi. Na huko nyumbani kile kipande cha shamba chawatosha nyinyi kwa shida. Nilimsihi Mama Chepkoech aniongelee kwa meneja. Aliangalia chini, akasema yeye pia ana ufunguo. Simlaumu, lakini imeniuma sana.

Nisalimie mdogo wangu Moraa, mwambie ashike shule na asiwaze kunifuata huku. Msalimie pia baba mdogo Nyakundi aliyenisindikiza siku ile nikija, na Nyanya, umpigie kelele sikioni ndipo asikie.

Umeomba picha ya mjukuu wako uiweke ukutani. Ipo moja tu, Mama. Wameibandika mlangoni pa ofisi, na kila asubuhi nikienda kuchukua kikapu naipita.

Ni mimi mwanao,
Kwamboka