Bibi Aliyenusa Mikono ya Watu

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuachie mlango bila mlinzi, mama.

Maisha yako yote ya kazi ulikuwa mpekuzi kwenye geti la kiwanda cha sabuni. Watu walipotoka zamu uliwapapasa mifuko na kuwafungulia vikapu, na hata meneja hukumwamini. Nyumbani nako hukustaafu. Tukichelewa kidogo tu, unatupokea na jicho lile: "Haya, toeni mlichoficha." Mara nyingi kweli tulikuwa tumeficha.

Mjukuu wako Kidoti alipopandikizwa uboho ili apone saratani ya damu, daktari alitueleza kwamba dawa zilikuwa zimemfuta kinga yote, na mafua ya kumtoa mtu mzima kamasi tu yangeweza kumwua. Sisi tulilia. Wewe uliuliza, "Chumba kina milango mingapi?" Tukakwambia mmoja. Ukabeba kiti chako.

Kila aliyetaka kuingia alinyoosha viganja, ukavinusa. Pua iliyozeekea kwenye kiwanda cha sabuni haidanganyiki. "Hapa umepitisha maji tu. Rudi." Mkweo, baba yake Kidoti, ulimrudisha kwenye sinki mara mbili, naye kwa adabu zake akarudi. Shangazi yake Kidoti alileta maua. Yakaishia kwenye benchi la nje, maana uliambiwa kwamba udongo na majani hubeba ukungu. Jirani alikohoa, akasema ni vumbi. "Vumbi gani hilo lenye makamasi?" ukamjibu, na hakuvuka kizingiti. Alinuna. Hatujui kama amekusamehe, lakini tangazo hili atalisoma.

Hata hivyo, homa ya Kidoti ikapanda. Wewe ndiye uliyeihisi kwa mgongo wa mkono, mchana, Kidoti akiwa anachora. Muuguzi akasema atakuja kupima akimaliza chumba cha pili. "Mwanangu, sasa hivi," ukasema, ukamzibia njia. Akapima. Dawa ya kuua bakteria ikaingia mshipani upesi, na baadaye daktari akasema kwamba kwa mtoto kama yule, kusubiri ndiko kunakoua.

Ila ulituhoji mmoja mmoja kama wezi. Nani aligusa mrija wake wa dawa pale kifuani? Nani alimwingizia kitu mfukoni? Majibu ya maabara yalipotoka, daktari akakwambia, "Mama, hakuna aliyeleta. Bakteria hawa walikuwa tumboni mwake mwenyewe. Kinga ikiisha, wanapenya hadi kwenye damu."

"Kumbe wizi wa ndani," ukasema. Kesho yake, hata hivyo, ulimnusa daktari huyo mikono kwa makini kuliko siku zote.

Tunadhani hapo ndipo ulipoanza kujishuku mwenyewe. Asubuhi moja ulifika na koo linawasha, kidogo tu, wala sisi hatukujua. Ulifika mlangoni ukasimama. "Leo wa kupekuliwa ni mimi," ulisema. Ukakaa kwenye benchi la nje, ukampungia Kidoti kupitia kioo. Alilia akikuita. Hukuingia. Cha kooni kikashuka kifuani, kikakulaza wodi nyingine, na hukurudi. Inatuuma mpaka leo kwamba hamkushikana mikono.

Kidoti amepona, mama. Madaktari ndio wanaosema. Sisi bado tunaishuku kila chafya. Nywele zimeota, shule ameanza. Akirudi ananawa kwa sabuni, anakwenda moja kwa moja kwenye picha yako pale sebuleni, anainyooshea viganja. "Nusa, bibi." Anasubiri kidogo, ndipo anakaa kula.

Unakumbukwa na mumeo, sisi wanao, mkweo wa sinki, shangazi wa maua na mjukuu wako Kidoti.

Daima tutakukumbuka. Mlango tumeushika sisi.