Valvu ya Chuma au ya Ng'ombe

Jumatano, Kikwajuni. Mawingu tangu alfajiri, na mvua yenyewe haitaki kunyesha.

Sauti ile bado ninayo. Tik, tik, tik, ndogo na kavu, kama saa iliyofungwa ndani ya kitambaa. Jana kliniki ya moyo nilimtazama mkononi mwanamke niliyekaa naye benchi moja, nikiitafuta hiyo saa. Hakuvaa. Akacheka, akajigusa kifua.

"Ndo mimi huyo, mwanangu. Valvu ya chuma. Mume wangu tangu nirudi kutoka kupasuliwa India keshaacha kununua saa ya ukuta."

Nikacheka naye. Halafu nikashindwa kuacha kusikiliza.

Mimi nami valvu yangu imekwisha. Homa ya utotoni, iliyoanzia kooni, iliharibu kilango kinachozuia damu isirudi nyuma. Sasa inarudi, na ngazi za nyumbani nazipanda kwa vituo kama bibi kizee. Lazima ibadilishwe. Daktari kanitaka nichague mwenyewe, na hilo ndilo linalonivuruga. Nilidhani wao ndio wanaojua.

Ya chuma itanidumu, pengine umri wangu wote. Lakini kila siku nitameza dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo na mimba hazipatani. Ya ng'ombe, inayoshonwa kwa utando unaozunguka moyo wake, haitanifunga na dawa hiyo maisha. Ila kwa kijana kama mimi huchakaa mapema. Nitapasuliwa tena. Au huenda nisipasuliwe: siku hizi valvu mpya inaweza kukunjwa, ikapitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya ile kuukuu. "Huenda," alisema daktari. Hakuahidi.

Niyajenge maisha yangu juu ya huenda?

Mama, nilipomweleza, aliuliza jambo moja tu.

"Huyo ng'ombe kachinjwa na nani?"

"Mama, simli."

"Sijasema utamla. Atakaa kifuani mwako, nawe hujui hata kachinjwa na nani!"

Salim, mchumba wangu, hakutania. Harusi tumeisogeza mpaka nipone. Yeye anasema chuma. "Watoto ni riziki ya Mungu. Mimi nakutaka wewe." Nililia kwa furaha, kisha nikakasirika, na mpaka sasa sijui kwa nini. Labda kwa sababu alinisamehe kitu ambacho sikuomba kusamehewa.

Nataka mtoto?

Nimejiuliza usiku kucha. Siwezi kusema ndiyo. Siwezi kusema hapana. Najua tu kwamba sitaki kuamuliwa kabla sijajua. Lakini hiyo ni sababu ya kutosha mtu kupasuliwa kifua mara mbili? Nikifikiri kwa utulivu, chuma kinashinda. Nikiacha kufikiri, kinashindwa. Nimesoma miaka yote hiyo, na hakuna somo lililonifundisha nimsikilize yupi kati ya hawa wawili, na wote ni mimi.

Asubuhi hii, Mama akiwa sokoni, nimempigia daktari. Nimemwambia ya ng'ombe. Salim nitamwambia jioni, akija.

Daktari akaniuliza kama nina hakika.

"Sina," nikamwambia. "Lakini andika hiyo."