Xiang Cuilan: Mwaka Mmoja, na Mama Hajaambiwa

Mwaka umetimia leo, Dada Cuilan, tangu ulipodondoka katika ukumbi wa kunyanyua vyuma, mikono yako ikiwa na unga mweupe wa kushikia chuma na wasichana wako wakisubiri uwahesabie. Daktari alisema ni moyo. Kocha Luo, aliyekulea kwenye vyuma tangu ukiwa na miaka kumi na mmoja, alisema moyo wako haukuwa na kasoro yoyote, akatoka nje akaupiga teke mlango wa hospitali.

Tangazo hili nimelianza mara sita. Naandika mstari, nainuka, nafungua dirisha, nalifunga. Kaka Changgen ameniuliza kama nina viroboto. Gazeti la wilaya linataka maneno kabla ya saa nane mchana, na mimi mdogo wako Shuqin, niliyetwishwa kazi hii kwa sababu ndimi mwalimu wa familia, nimeshindwa kutulia kitini. Labda nimekurithi.

Maana wewe hukujua kuketi. Ulikula ukitembea, bakuli mkononi, ukizunguka uani kutoka bandani hadi kisimani. Mama alikufuata na vijiti vya kulia ulivyovisahau mezani. "Cuilan, keti ule! Ukitembea hivyo chakula kinashukia wapi?" Nawe ulimjibu, "Kinashukia miguuni, Mama, na ndiko ninakokihitaji." Hata ulipopiga simu tulizisikia hatua zako kwanza, kwenda na kurudi, kabla hujasema neno.

Tunakumbuka Kocha Luo alivyokuja kijijini kwetu, hapa milimani Hunan, akitafuta watoto wa kurusha mkuki na kunyanyua vyuma. Alitupima mikono kwa utepe wa fundi cherehani, akatufanya turuke, hakuona cha maana. Alikuwa anaondoka alipokuona unateremka na mzega wa machungwa, kikapu mbele na kikapu nyuma, unakimbia. Alimwuliza Baba, "Huyu anakula nini?" Baba akasema, "Kila kitu. Mchukue upesi kabla hajatumaliza." Kisha akaenda nyuma ya jiko kulia, akidhani hatumwoni.

Mashindano yako ya kwanza ya taifa ulijaribu mara tatu ukashindwa mara tatu, ukarudi nyumbani bila alama hata moja. Ulikuwa hutaki kuonana na watu. Baba alikupikia nyama ya moshi na pilipili nyingi, akakuambia, "Chuma hakijaenda popote. Kinakungoja." Mwaka uliofuata ulikuwa bingwa wa jimbo, kisha wa taifa, mara mbili. Ulishindana katika uzani wa kilo hamsini na tatu, na wiki ya kupimwa ulikuwa ukinusa wali wa wenzako tu, ukiwatukana kwa upendo.

Kuna jambo la ukumbini nataka wasomaji walijue, maana ndilo linaloninyima raha leo. Makocha wengi humficha mnyanyuaji uzito halisi. Wanaongeza vyuma kidogo, wanafunika, wanamwambia ni ule wa jana, ili asiogope. Kocha Luo alikufanyia hivyo miaka mingi. Ulikuwa ukigundua baadaye unacheka hadi unalala chini.

Halafu nasi tukakufanyia.

Baba alifariki siku kumi na tisa kabla ya mashindano ya dunia. Kwetu si ajabu kumficha mwanamichezo msiba hadi amalize kushindana. Watu hufanya hivyo, na hakuna anayewalaumu. Kaka aliamua, Mama akanyamaza, mimi nikapewa simu. Kila Jumapili uliuliza, "Baba yuko wapi?" Nami nilijibu, "Yuko kwenye machungwa."

"Wiki ya tatu hii yuko kwenye machungwa?"

"Mwaka huu yamezaa sana."

"Mwambie asipande juu ya miti, mzee yule. Na anibakishie."

Ulinyanyua kilo mia na ishirini na tano. Nchi nzima iliona ulivyokitua chuma, ukarukaruka, ukakimbilia kamera ukiwa bado na mshipi kiunoni: "Baba, umeona? Machungwa yangu yako wapi?" Sisi tulikuwa mbele ya televisheni na majirani sebuleni. Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliinuka akaizima.

Kocha Luo alikuambia ndani ya gari, mkitoka uwanja wa ndege. Ulipofika hukuingia nyumbani. Ulitembea shambani, mstari kwa mstari, mchana kutwa, medali mfukoni. Nilikufuata. Ulipogeuka hukuwa na hasira, na ningependa ungekuwa nayo.

"Shuqin," ulisema, "mimi kazi yangu ni kubeba. Mlidhani hili ningeshindwa?"

Ukaniambia niahidi kwamba katika nyumba hii hatafichwa mtu tena. Nikaahidi, nimeshika tawi la mchungwa wa Baba.

Magoti yalipokataa ulirudi mjini kufundisha katika ukumbi uleule wa zamani, na ukawa kocha wa aina yako. Ulimtajia kila msichana uzito kamili kabla hajagusa chuma. Wenzako walikuambia unawatia woga. Ulisema, "Acha waogope. Wataogopa wakijua wanaogopa nini." Wawili kati yao sasa wako timu ya taifa. Uliwafulia soksi, uliwakemea kwa barua za mapenzi, uliwapikia supu ya tangawizi siku zao za maumivu.

Mwaka jana, siku kama ya leo, ulipoondoka, jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuivunja ahadi ile.

Mama ana miaka themanini na mbili. Kaka alisema habari hii itamuua, na tena kwetu mzazi haendi kumzika mwanawe, basi kuna haja gani ya kumwambia? Nilikubali upesi mno. Majivu yako tuliyaweka makaburini huko mjini, mwendo wa saa tatu kutoka hapa, na tukamwambia Mama tunakwenda harusi. Naye akatufungia karanga na tende nyekundu tumpelekee bibi harusi. Hatukujua pa kuzipeleka. Ziko kwako, Dada. Kama uliziona ukashangaa, habari ndiyo hiyo.

Tukasema uko ng'ambo, umechukuliwa kufundisha timu ya watu, simu hazishiki vizuri. Kila Jumapili nimekuja kijijini na kumsikilizisha Mama ujumbe wako wa sauti wa zamani, ule usiotaja siku wala msimu. "Mama, umekula? Mimi nimekula. Vaa soksi." Mama anasikiliza, anasema, "Mwambie aketi ale," kisha anarudi jikoni. Kaka analalamika kwamba mwaka huu kila chakula cha Mama kimejaa vitunguu, hata uji wa asubuhi.

Nimefika hapa na kalamu imegoma. Sehemu inayofuata ni majina ya wanaokukumbuka. Mama hasomi gazeti, lakini kijiji kizima kinasoma, na tangazo lisilo na jina la mama mzazi litaulizwa. Kaka anasema tuandike "familia" tu, yaishe. Nimesimama, nimeketi, nimesimama. Saa tano na nusu. Nimekwenda uani.

Sasa nimerudi, na nitayaandika yote kama yalivyokuwa, gazeti wakate wanachotaka.

Mama alikuwa kwenye kigoda, ubao wa kukatia magotini. Nikasema, "Mama, kuna jambo."

"Keti basi. Mmenizeesha wewe na dada yako kwa kusimama."

Nikaketi chini, nikamwambia. Nilisema kwa mfululizo, ukumbi, moyo, majivu, harusi isiyokuwapo, bila kumtazama. Nilipomaliza, kisu kilikuwa bado kinakata, polepole.

"Yule jogoo," Mama akasema.

"Jogoo gani, Mama?"

"Kwenye simu yako. Cuilan akiongea, nyuma yake kuna jogoo. Ni jogoo wa Mzee Pang, yule mlinzi wa ukumbi, mwenye kuwika kama mlango mbovu. Si Cuilan alituletea, tukamla kwenye sherehe yangu ya miaka themanini? Mimi nilipewa paja." Akakisukuma kitunguu pembeni, akachukua kingine. "Sasa amefikaje ng'ambo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwuliza amejua tangu lini.

"Tangu mliporudi harusini. Mmetoka harusini watu wawili, hakuna hata mmoja anayesema bibi harusi ni mzuri au sura mbaya. Nikasema, hapa pana maiti. Jumapili ulipokuja na jogoo, nikajua ni nani."

"Mbona hukusema?"

"Ile simu ulikuwa umeishika kwa mikono miwili. Nikaona umebeba kizito kisicho kimo chako. Nikashika upande mmoja." Kisha kisu kikasimama. "Ila nimechoka, mwanangu. Mwaka mzima sijamlilia mtoto wangu ila kwa vitunguu."

Nikauondoa ubao magotini pake. Akalia, Dada, bila kitunguu, kwa sauti, mpaka Kaka Changgen akatoka mbio na kiatu kimoja, akatuona, akaelewa, akaketi palepale mavumbini. Tumelia watu watatu uani saa sita mchana. Jirani alichungulia na Mama akamwambia, "Ndiyo, ni Cuilan, ni mwaka sasa, njoo ukae." Naye akaja. Hakuna aliyekufa kwa habari hii. Tulimwogopea mtu aliyekuwa ameibeba pamoja nasi mwaka mzima.

Ahadi yangu ya shambani niliivunja, na nakuomba radhi mbele ya wote wanaosoma.

Nilipoinuka kuja kumaliza, Mama alinishika mkono. "Jina langu liweke juu," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Unakumbukwa na mama yako, Peng Jinxiu. Unakumbukwa na kaka yako Changgen na mkewe. Na mdogo wako Shuqin. Na Kocha Luo, ambaye hospitali imemsamehe ule mlango. Na Mzee Pang mlinzi. Na wasichana wako kumi na wanne wa ukumbini, ambao hadi leo hutajiwa uzito kamili.

Hatutakusahau, Dada. Mama ameniagiza nikupe neno lake la mwisho katika tangazo hili. Anasema sasa usiketi. Tembea tu, tunakusikia.