Goodness Ameingia Bodi ya Makaa

Kihesa, Iringa
8 Juni 2025

Mpendwa kaka Anord,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Bukoba, na lile goti limepoa? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunamshukuru Mungu. Baridi ya Iringa imeanza, na Adrian wangu amepata kipaimara Jumapili iliyopita. Aliimba kwa sauti yako kabisa.

Kubwa safari hii ni la mdogo wetu Goodness. Serikali imemteua kuwa mjumbe wa bodi inayosimamia migodi ya makaa ya mawe. Kumbe bodi hiyo haichukui watu wa maofisini peke yao. Lazima awemo daktari wa magonjwa ya kifua, mwakilishi wa wachimbaji, mtu wa vijiji vya jirani na migodi, na mhandisi aliyewahi kufanya kazi chini ya ardhi. Hiyo ya mhandisi ndiyo aliyoomba. Tangu mwenzake wa kazi mgodini, Lutengano, alipokosa hewa shimoni akafa, amekuwa akitafuta mahali pa kusemea.

Ila lilikuwepo sharti moja lililotunyima raha. Mjumbe asiwe na biashara na mgodi, wala mwenzi wake. Na unajua malori yote ya shemeji Zabron yalikuwa yanabeba makaa. Kwenye usaili hakuna aliyemwuliza Goodness habari hiyo. Akaisema mwenyewe. Wakampa muda akazungumze na mumewe.

Nilipanda basi nikaenda kwao Uyole, maana kwenye simu alikuwa analia tu. Nikamkuta ameshaamua kujitoa. Zabron alikuwa anaendelea kula tu, mpaka nikaudhika. Aliponawa mikono ndipo akamwambia mkewe, "Mama Lusekelo, mizigo ipo mingi. Hata Igawa wana mchele wa kubeba. Ila mhandisi humu ndani ni mmoja." Goodness akalia upya, na mimi nikalia naye.

Basi, ameapishwa. Kwenye ziara yao ya kwanza walikuta mgodi mmoja feni ya kuingiza hewa shimoni imekufa, na watu wanachimba vilevile. Bodi ikasimamisha kazi siku ileile. Meneja, aliyekuwa akimpa Zabron mizigo zamani, akampigia simu: "Shemeji, hebu zungumza na mkeo." Zabron akamjibu, "Wewe zungumza na fundi wako." Nilicheka mpaka mbavu zikauma!

Feni imetengenezwa. Siku wachimbaji waliporudi, Goodness alishuka nao. Anasema kule chini alivua barakoa, akavuta pumzi ndefu, na hewa ilikuwa baridi kama asubuhi ya kwetu Tukuyu.

Mama anakusalimu sana, Blessing na Matata wa jirani pia. Mwambie wifi kitenge chake kipo tayari. Mungu aliyetufikisha hapa awalinde nyumba nzima, ndaga fijo, asanteni sana, kwa sala zenu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Matilda