Mfuko wa Ndani

12 Machi 2005

Kwa Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na cherehani yako, maana hiyo ikiugua na wewe unalala njaa. Mimi sijambo, ni baridi tu, na kazi ya kupanga maboksi ghalani.

Nimefungua kitu kinaitwa blogu. Ni kama daftari, ila ukiandika, mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti anasoma, hata awe upande wa pili wa dunia. Hakuna mhariri wa kukubania. Kila anayejua kubonyeza anafungua yake sasa: huyu anaandika habari za paka wake, yule anamsema bosi wake. Mimi naandika habari za nyumbani. Wasomaji wangu hawajajaza hata benchi moja, na wawili kati yao ndio ninaokaa nao chumba kimoja.

Shida ni kwamba nimeishiwa. Wewe ndiye mwenye visa, Dada. Wanawake wote wa mtaa wanakuja kupimwa kwako, na wakishavua nguo wanavua na maneno. Niandikie.

Mdogo wako


30 Aprili 2005

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima wote. Cherehani nimeibadilisha mkanda, inakwenda vizuri. Kifua chako kikoje na hiyo baridi?

Yaani umesafiri kote huko ukafungue daftari la kusomwa na watu! Wewe ambaye mtu akigusa daftari lako ulikuwa unalia mpaka majirani wanakuja. Makubwa haya.

Kisa ninacho, lakini ni cha mimi na wewe. Yupo muuguzi mmoja, siku hizi ni shoga yangu. Aliniletea kitambaa cha kahawia nimshonee gauni lenye vifungo vya mfupa ubavu wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia haunyanyuki. Mume wake, yule muuza mbao, ndiye aliyeuharibu. Nilipomaliza kumpima akainuka mwenyewe akafunga mlango, akaniomba nimtilie mfuko ndani ya pindo, wa kuenea ufunguo mmoja tu. Amepanga chumba ng'ambo ya mji. Anahamia kidogo kidogo: leo sufuria, kesho shuka. Nimeushona huo mfuko kwa mkono, uzi nimeuficha hata mimi mwenyewe siuoni.

Nimekuandikia kwa sababu mfuko huo umenikaa moyoni na sina wa kumwambia.

Dada yako


9 Januari 2006

Kwa Dada yangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, na poleni na kazi. Kaa kwanza ndipo usome.

Blogu imewaka! Kile kisa cha mfuko kimesomwa na maelfu. Blogu nyingine zinakinukuu, wanawake wanaandika maoni chini yake wakisema wamelia. Kuna kampuni inaweka matangazo yake pembeni ya ukurasa, na ghala nimeliaga. Wasomaji wanakupenda, wamekubatiza jina: Fundi. Barua zako naziweka zilivyo, nazikata salamu tu, maana hawana subira nazo. Usiwe na wasiwasi, majina yote nimebadilisha.

Niletee kingine cha namna hiyo.

Mdogo wako


20 Februari 2006

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Karibu na stendi wamefungua duka la kompyuta. Watu wakipenda kitu huko wanakichapa, wanapeana. Kisa chako kilifika mpaka kwenye banda la mbao, mmoja akawasomea wenzake kwa sauti. Nasikia muuza mbao alicheka pamoja nao, mpaka ilipofika habari ya gauni.

Majina umebadilisha, kweli. Ukaacha kahawia. Ukaacha vifungo vya mfupa, ukaacha na ubavu wa kushoto. Umesahau hapa watu wanatambuana kwa nguo? Mtu akipita kule mwisho wa barabara, tunasema yule mwenye kola ya duara, tunajua ni nani. Gauni la namna ile ni moja mji mzima, na nimelishona mimi.

Mume alirudi nyumbani akapapasa pindo, akaukuta ufunguo. Nimekwenda kumwona shoga yangu kwenye wodi ileile anayofanyia kazi, mikono yote miwili ina plasta, wenzake wanamlisha. Akanitazama, akasema, "Fundi, nilikuambia wewe peke yako." Ametoka juzi, amerudi kwa mume. Chumba kimepata mpangaji mwingine.

Kifute kisa hicho leo. Nina hasira na wewe kuliko ninavyoweza kuandika.

Dada yako


2 Aprili 2006

Kwa Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mgonjwa anaendelea vizuri.

Barua yako imeniliza. Lakini kufuta hakusaidii, kimeshanakiliwa kila mahali. Na ndicho watu wanachokijia, Dada, nikikitoa hata matangazo yanaondoka. Fikiria wanawake wangapi wamepata moyo kwa kukisoma.

Hata hivyo nimekusikia. Gauni nimelifanya la bluu.

Mdogo wako


14 Julai 2017

Kwa Dada yangu,

Shikamoo. Miaka yote hii naandika hujibu. Naomba Mungu uwe mzima.

Blogu zimekwisha, Dada. Kwanza watu walihamia kwenye sentensi mojamoja, halafu picha, sasa ni video za mtu anacheza jikoni kwake. Matangazo yakawafuata hukohuko. Nimerudi ghalani kwenye maboksi. Na mwezi uliopita kampuni iliyokuwa ikitunza kurasa zetu imefunga. Onyo walilituma kwenye anwani niliyoiacha zamani. Kila kitu kimefutika, hata kile kisa. Barua zako za karatasi nilizitupa nilipomaliza kuzinakili.

Kuna mchapishaji anataka kitabu cha barua za Fundi. Niandikie tena kama zamani. Chochote tu.

Mdogo wako


3 Septemba 2017

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Mimi sijambo. Cherehani haijambo. Miguu inaniuma asubuhi, ikifika mchana inatulia. Mvua mwaka huu zimekuwa nzuri. Majirani hawajambo, wanakusalimu sana, wakubwa kwa wadogo. Kifua chako kinaendeleaje? Unakula? Vaa ile sweta niliyokufumia, kama bado inakuenea. Wasalimie unaokaa nao, na unaofanya nao kazi ghalani. Nakusalimu tena.

Hizi zikate, kama ulivyozoea. Kitakachobaki, wape.

Fundi