Chai Iliyopanda Joto

Edmonton, London
Ijumaa

Dada Mwanakheri,

Shikamoo, na salamu zangu zikukute goti limetulia na ulimi bado mkali kama nilivyouacha. Shemeji je, kile kifua? Na yule mbuzi wenu mwizi wa nguo, yu hai? Sisi huku hatujambo. Mama Zuhura anaendelea kuogesha wazee wa Kiingereza ambao watoto wao wenyewe hawana nafasi nao. Mie bado niko ghalani, na bila ya mie ghala lile lingekwisha kuanguka. Wanalijua, ila hawasemi.

Leo nakuandikia habari za skuli. Usicheke. Najua mie skuli niliiacha darasa la sita, tena kwa kupitia dirishani, na wewe ndiye uliyemwambia baba nimeshikwa na tumbo. Lakini nimefanya kazi melini miaka tisa, nimekunywa chai Karachi, Hamburg na Marseille, kwa hivyo mtu asije kunifundisha mimi chai.

Basi ndivyo walivyofanya. Zuhura alirudi na kazi ya sayansi: achunguze kikombe kipi kinaweka joto zaidi, kilicho wazi, kilichofungwa gazeti, au kilichofungwa kitambaa. Watu hawa, dada, wametawala nusu ya dunia na bado hawana hakika kuwa kitu kikifunikwa hakipoi upesi. Bibi yetu alikuwa akiviringisha sufuria ya wali kwa gunia, wala hakumwandikia mtu ripoti. Na ripoti yenyewe ina vyumba kama nyumba ya tajiri: lengo, vifaa, njia, matokeo, na mwisho kabisa chumba cha makosa. Mtoto anatakiwa aeleze mwenyewe kilichoharibika. Nikamwambia, "Mwanangu, sisi mtu akivunja sahani huficha vipande. Hawa wanataka uvipange mezani?"

"Ndiyo, Baba," akanijibu kwa Kiingereza chake. Kiswahili anakisikia chote, ila kukitoa mdomoni ni kama unamng'oa jino.

Jumapili tukapanga vikombe vitatu. Skuli walisema maji. Mie nikasema maji matupu ya moto humpi hata mgonjwa, tutatia chai. Akafikiri, akasema haidhuru, mradi vyote viwe sawa. Cha tatu tukakizungushia mara nne ile kanga uliyoniletea. Kila dakika mbili Zuhura anatumbukiza kipimajoto, anaandika. Dakika ya nane mlango ukagongwa.

Alikuwa Bwana Jivan. Unamkumbuka, yule wa duka la vitambaa, aliyeondoka baada ya Mapinduzi na masanduku yake mawili. Siku hizi anakaa Rayners Lane kwa mwanawe, na kila Jumapili hupanda treni na basi, saa nzima na robo, aje akae kwenye kiti changu anung'unike. Treni mbaya, mvua mbaya, mkwe hajui kutia chumvi. Tangu afiwe na mkewe hana wa kusema naye Kiswahili nyumbani kwake. Wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza, tena bila ya kugeuza shingo. Kwa hivyo anakuja kunichosha mie.

Zuhura akampokea koti, akaenda kulitundika. Mzee akakaa, anasugua viganja kwa baridi. Dada, wewe unanijua. Mgeni yuko mbele yangu na chai iko mezani. Mkono wangu haukuniuliza. Nikampa kikombe, tena nikampa kilicho bora, cha kanga. Keshakunywa nusu ndipo nilipokumbuka. Nikamnyang'anya, nikakijaza kutoka kwenye birika, nikakirudisha ndani ya kanga, nikatazama dari.

Zuhura akarudi, akapima. Akapima tena. "Baba, chai imepanda joto."

"Kanga ya Unguja hiyo," nikasema.

"Nilikuwa nikiziuza mimi hizo," akasema Jivan. "Zamani kitambaa kilikuwa kitambaa."

Mtoto akaandika alichokiona, mpaka dakika ya ishirini. Lakini mie ile namba ilinikaa vibaya, imesimama peke yake katika jedwali kama mbuzi harusini. Nikasema wataucheka ukoo wetu. Zuhura alipokwenda kusali nikachukua raba, nikafuta namba zote za kanga kuanzia hapo, nikaziandika upya zishuke mbili mbili, kama watu wenye adabu. Nilichosahau ni kuwa ukurasa wa pili una mchoro, na mchoro ule ulikuwa unapanda kama mlima.

Mwalimu wao, kijana mwenye ndevu tatu, akairudisha. Namba zimechezewa, kaandika. Irudiwe ifike Jumatatu ya pili, la sivyo haihesabiwi. Isipohesabiwa, Zuhura anashushwa darasa la chini, ambako hata ukijibu kila kitu hupewi alama ya juu. Na alama ya juu ndiyo mlango wa ufamasia, na mtoto huyu anautaka ufamasia tangu ana miaka minane.

Hakupiga kelele. Aliniwekea karatasi mbele. "Hii saba yenye mkia ni yako, Baba."

Nikamweleza yote, mgeni, kikombe, birika.

"Kwa nini hukuniambia? Si kulikuwa na nafasi ya kuandika makosa?"

Mie niliyewadanganya maofisa wa forodha katika bandari tano, nikajikuta namwomba radhi mtoto wa miaka kumi na tano.

Kipimajoto cha skuli akakipata tena Ijumaa, Jumamosi mie niko ghalani, ikabaki Jumapili. Tukaanza mapema ili tumalize kabla ya Jivan. Na Jivan siku hiyo kaja mapema. Mwanawe kaenda harusini na familia yake, mzee akachoka kutazama ukuta. Dakika ya sita, mlango huo.

Zuhura akanitazama. Mlango wetu unafungukia hapo hapo sebuleni penye vikombe, na nje kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Dada, miaka ishirini na mbili niko nchi hii sijamwacha mtu mlangoni kwangu. Hata wanaopita kuuza dini huwapa chai. Nikapiga magoti, nikasukuma kijidirisha cha barua.

"Bwana Jivan, subiri dakika kumi na nne."

"Kuna nini, kuna maiti?"

"Kuna sayansi."

"Toba. Nimetoka Rayners Lane kuja kufungiwa nje?"

"Tukifungua, upepo utaharibu ripoti ya mtoto."

Nikasikia mifupa yake ikikaa kwenye kizingiti. Mie ndani nimekaa kama nimemeza mwiba. Halafu sauti ikaingia kwa kile kijidirisha: "Haya basi, imefika ngapi?"

Nikafungua mdomo, Zuhura akanitangulia. "Sabini na mbili, Babu." Kwa Kiswahili.

Mzee akainamia kijidirisha. "Nani huyo?"

"Mimi, Zuhura."

"Sema tena, mjukuu wangu, sikusikia vizuri."

Alisikia sana. Akasema tena. Basi ikawa kila dakika mbili mtoto anamsomea vikombe vyote vitatu, na mzee anarudia nje kwa upepo, kanga sabini, cha wazi sitini na tatu, gazeti sitini na saba, kama anapima kitambaa kwa mteja wa maana. Ilipotimia dakika ya ishirini nikarukia komeo.

"Usifungue," akasema Jivan. "Cha gazeti hajakisoma."

Kanga imeshinda. Ungewaambia wewe bila ya kipimajoto. Katika chumba cha makosa Zuhura kaandika kuwa mara ya kwanza baba yake alimnywesha mgeni jaribio, na mara ya pili mgeni alisubiri nje. Mwenye ndevu tatu kaipokea, na mtoto kabaki darasa lake. Mie mwalimu huyo bado namdharau. Jumapili hii hakuna kazi yoyote ya skuli, lakini mzee kapiga simu kuuliza kama tutapima, na Zuhura kamjibu mwenyewe: "Tutapima, Babu."

Nisalimie shemeji na kifua chake, wifi zako wawili wasioelewana, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama bado ana nguvu za kushika bakora. Mbuzi msimsalimie.

Nduguyo aliyefunga mlango mara moja,
Haji